Noti za dharura za Ujerumani: uanze kukusanya zipi?

Anayeanza kutafuta noti za dharura za Ujerumani kwenye minada ya mtandaoni hukutana na mchanganyiko wa ajabu. Kinoti kidogo cha rangi tele, chenye panya wakimfuata mpiga filimbi, kimekaa jirani na karatasi kubwa iliyochapwa upande mmoja tu na kujitangaza kuwa ni mark bilioni 500. Chini yake kuna noti ya kahawia yenye maneno "Daressalam/Tabora". Zote muuzaji kaziita Notgeld, yaani fedha ya dharura, na zote kazitia kapu moja.

Kapu ni moja, dharura ni mbalimbali. Ya kwanza ilitolewa wakati chenji ilikuwa adimu na wakusanyaji wakawa wengi. Ya pili ilitolewa wakati mshahara wa asubuhi ukifika jioni haununui kitu. Ya tatu ilitolewa na koloni lililozibwa na manowari za Waingereza, noti za kawaida zisiweze kufika kutoka Ulaya. Ukinunua bila kujua unanunua dharura gani, utajaza albamu kisha ushindwe kumweleza mgeni aliyeomba kuitazama.

Hapa nazilinganisha aina nne: noti za mfululizo za 1920 hadi 1922, noti za mfumuko wa bei za 1923, noti za thamani imara za mwisho wa 1923, na noti za mpito za Afrika Mashariki ya Kijerumani za 1915 hadi 1917. Kuna kundi la tano, noti za chenji za 1914 hadi 1919, zilizotokea baada ya watu kuficha sarafu Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza na serikali kuchukua nikeli na shaba kwa ajili ya silaha. Hizo naziacha. Si kwamba ni mbaya, ila ni nyingi na zimepoa, na mara nyingi anayezipenda ni mtu aliyekwisha kupita kwenye hizi nyingine.

Vigezo kwanza

Naziuliza zote maswali yaleyale. Je, ilinunua kitu kweli, au ilizaliwa kwa ajili ya albamu? Inaonyesha na kusimulia nini? Bei yake ni ya mfuko gani, na inapatikana kwa urahisi gani? Ina mitego ipi kwa mnunuzi mgeni?

Swali la tano watu wengi hulipita: kwa nini karatasi hii bado ipo? Noti iliyofanya kazi yake sawasawa hurudi kwa aliyeitoa, ikalipwa, ikachomwa. Iliyobaki kwenye droo kwa miaka mia ina sababu ya kubaki, na sababu hiyo huamua bei kuliko umri wake. Noti ya 1921 na noti ya 1923 zinaweza kuuzwa senti sawa huku nyingine ya mwaka huohuo 1923 ikiuzwa mara hamsini. Ukishaelewa kwa nini, umeshaelewa nusu ya biashara hii.

Noti za mfululizo, 1920–1922

Wajerumani huziita Serienscheine. Vita vilikwisha, chenji ya chuma bado ilikuwa haba, na miji ilikuwa na mazoea ya kuchapa vinoti vya pfennig 10, 25 na 50 (pfennig 100 ni mark moja). Ndipo mahazina ya miji yakagundua jambo: watu walikuwa wanaziweka. Noti ikiwekwa kwenye albamu hairudi kudai malipo, na pesa aliyoilipia mkusanyaji inabaki mjini. Baada ya hapo hata vijiji vikaajiri wachoraji.

Hameln ilichapa panya na mpiga filimbi wake. Eisenach ilimweka Martin Luther katika ngome ya Wartburg. Naumburg ilisimulia kwa picha za vivuli vyeusi hadithi ya watoto waliouokoa mji mbele ya jeshi la Wahussi, wafuasi wa Jan Hus wa Bohemia. Huko Mecklenburg miji 70 iliungana kutoa kile kiitwacho Reutergeld, kwa heshima ya mwandishi Fritz Reuter: kila mji noti tatu, za pfennig 10, 25 na 50, zenye maneno ya Kijerumani cha kaskazini ambacho hata Mjerumani wa kusini hukisoma kwa taabu.

Zilinunua kitu? Baadhi ndiyo, hasa za mwanzo. Nyingi ziliuzwa zikiwa seti kamili ndani ya bahasha, moja kwa moja kwa wafanyabiashara wa noti, na tarehe ya mwisho ya kuzilipa ilikuwa karibu mno hivi kwamba hakuna muuza viazi aliyewahi kuzigusa. Sheria ya Julai 17, 1922 ilikuja kubana utoaji wa noti za dharura, na sherehe ikaisha. Zimetufikia kwa sababu zilinunuliwa ili zitufikie.

Kwa hiyo ni rahisi. Noti ya kawaida hugharimu euro moja au mbili, mara nyingine chini ya hapo ukichukua seti. Na kwa kuwa karibu zote hazikutumika, usimlipe ziada muuzaji anayekusifia kwamba noti yake "ni mpya kabisa". Mpya ndiyo hali yake ya kawaida. Iliyochakaa ndiyo ya kushangaza. Mtego wa pili ni seti pungufu. Muuzaji ana noti tano, mfululizo una sita, naye hasemi, kwa hiyo hesabu kabla ya kulipa.

Kuna jambo jingine la kusema kuhusu picha hizi, maana rangi zake huwafanya watu wazione kama vitabu vya watoto. Si zote zilizo na panya na maua. Zipo zinazolilia majimbo yaliyopotea baada ya mkataba wa Versailles. Zipo zenye chuki ya wazi dhidi ya Wayahudi, miaka zaidi ya kumi kabla ya Hitler kushika serikali. Na upo mfululizo wa pfennig 75 wa mwaka 1922, uliotolewa Berlin kwa siku ya kumbukumbu ya makoloni, unaotamani yarudi, na Afrika Mashariki ni mojawapo. Kwa msomaji wa Kiswahili huo una ladha chungu ambayo noti za panya hazina. Nikipewa nafasi ya kuchagua seti moja tu katika kundi hili, nitachagua huo, ingawa najua wengine wataona heri waache picha za namna hiyo zisiingie nyumbani.

Zinamfaa anayependa michoro, hadithi na seti zinazokamilika, mwenye pesa kidogo na subira.

Noti za mfumuko wa bei, 1923

Hapa ndipo jina la Notgeld lilipopata umaarufu wake. Mwaka 1914 dola moja ya Marekani ilikuwa mark 4.20. Vita viligharimiwa kwa mikopo, baada yake zikaja fidia za kuwalipa washindi, na thamani ya mark ikaanza kuteleza. Januari 11, 1923 majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yaliingia Ruhr, kwenye makaa ya mawe na viwanda vya chuma, kudai fidia iliyochelewa. Serikali ya Berlin ikawaunga mkono wafanyakazi waliogoma, ikawalipa kwa noti zilizotoka mtamboni bila kitu nyuma yake. Mwezi huo dola ilikuwa maelfu ya mark. Agosti ilikuwa mamilioni. Novemba 20 ilifika mark trilioni 4.2. Mkate uliouzwa Berlin kwa takriban mark 160 mwishoni mwa 1922 uligharimu kama mark bilioni 200 mwaka mmoja baadaye.

Benki kuu, Reichsbank, chini ya Rudolf Havenstein, ilikodi viwanda vya uchapaji zaidi ya 130 na bado noti hazikutosha. Mwenye kiwanda anatakiwa alipe mshahara leo mchana. Noti alizopelekewa jana hazitoshi hata nauli. Basi kila aliyekuwa na mtambo akachapa: miji, wilaya, mabaraza ya wafanyabiashara, shirika la reli, migodi, viwanda kama Krupp. Sheria ya 1922 ilidai kibali, lakini foleni ya wafanyakazi mlangoni haikusubiri kibali.

Ukizishika utaiona haraka yenyewe. Nyingi zimechapwa upande mmoja. Karatasi ni ile iliyokuwepo. Baadhi ni noti za wiki zilizopita zilizogongwa muhuri wa namba mpya juu ya namba ya zamani, maana kuchonga kibao kipya kungechukua siku mbili na siku mbili zilikuwa nyingi. Picha ni chache. Kinachosomeka ni namba, jina la mji, ahadi ya kulipa na sahihi.

Sahihi zenyewe zina utamu. Noti za Köln zina jina la meya wake, Konrad Adenauer, aliyekuja kuwa kansela wa kwanza wa Ujerumani Magharibi mwaka 1949. Na Weimar, Agosti 1923, benki ya jimbo la Thuringia ilimpa kijana wa miaka 23 wa shule ya sanaa na usanifu ya Bauhaus, Herbert Bayer, kazi ya kuchora noti zake za mamilioni. Alitumia herufi nene zisizo na mapambo na rangi bapa, zikachapwa upesi, na leo zinatafutwa na watu ambao hawakusanyi noti nyingine yoyote.

Kuhusu kufanya kazi, hakuna kundi lililofanya kazi ngumu kuliko hili. Lililipa mishahara, lilinunua unga, lilikimbia kutoka mkono hadi mkono kwa sababu kila saa likikaa mfukoni linapungua. Iliyokunjwa mara nne, yenye doa la mafuta, ni ushahidi. Mimi huipendelea hiyo kuliko iliyonyooka.

Kwa nini zimebaki nyingi hivyo, basi? Novemba 15, 1923 ilitolewa fedha mpya, Rentenmark, na moja ikawa sawa na mark za zamani trilioni moja. Siku chache baadaye Reichsbank, iliyokuwa sasa ikisukumwa na Hjalmar Schacht, kamishna wa fedha wa serikali, ikaacha kupokea noti za dharura. Piga hesabu ya mama aliyebaki na noti ya milioni 50 kwenye kabati: ilikuwa na thamani ya sehemu moja ya mia mbili ya pfennig. Hakuna aliyevaa viatu kwenda manispaa kudai hiyo. Zikawa karatasi za kuchezea watoto, za kuandikia mgongoni, na nyingine zikalala tu. Noti za trilioni ni habari nyingine. Hizo zilikuwa na mark nzima ndani yake, watu wakazirudisha, ndiyo maana leo ni ghali zaidi. Za mamilioni na mabilioni hupatikana kwa euro chache.

Mitego ni miwili hasa. Kwanza namba: Mjerumani akiandika Milliarde ni bilioni yetu, akiandika Billion ni trilioni. Wauzaji wasiojua Kijerumani hukosea pande zote mbili, na mara mojamoja kosa lao ni faida yako. Pili, nyingi zinazouzwa kwa jina la Notgeld ni noti za benki kuu yenyewe. Ukiona neno Reichsbanknote au Reichsbankdirektorium, hiyo ni fedha ya taifa. Noti ya dharura itataja Stadt (mji), Kreis (wilaya), Magistrat (baraza la mji) au jina la kampuni. Ile noti maarufu ya mark 1000 ya Desemba 1922 iliyogongwa kwa wekundu kuwa bilioni moja ni ya Reichsbank. Ni nzuri, inunue ukipenda, lakini si ya kundi hili.

Njia nzuri ya kuzikusanya ni kuchagua mji mmoja na kufuata miezi minne: noti yake ya Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba. Ukizipanga mstari mmoja mezani, hata mtoto wa darasa la sita ataona sifuri zinavyoongezeka bila kuambiwa kitu.

Zinamfaa mpenzi wa historia na uchumi, na mwalimu kuliko wote.

Noti za thamani imara, mwishoni mwa 1923

Hizi ni ndugu wa kimya. Kufikia Oktoba 1923 wafanyakazi hawakutaka tena sifuri. Walitaka mshahara usioyeyuka. Ndipo serikali ikaruhusu noti za dharura zenye thamani ya mark ya dhahabu, wenyewe wakiziita wertbeständig. Namba zake ni za ajabu mpaka upate ufunguo: 0.42, 1.05, 2.10, 4.20. Ufunguo ni dola. Mark za dhahabu 4.20 ni dola moja, kwa hiyo 1.05 ni robo dola na 0.42 ni senti kumi. Nyingi zimeandikwa thamani zote mbili. Aliyezitoa alitakiwa aweke dhamana, kwa kawaida hati za mkopo wa dhahabu wa serikali uliotolewa Agosti mwaka huo. Miji, majimbo na shirika la reli walizitoa. Hamburg ilianzisha benki mahususi kwa kazi hiyo. Huko Oldenburg walitangulia kwa njia yao, mwishoni mwa 1922, kwa hati zilizopimwa kwa bei ya rai, nafaka ya mkate mweusi, kwa kuwa nafaka haidanganyi.

Kwa sura hazikuvutii. Ni karatasi za ofisini, maandishi mengi, mapambo haba.

Zilifanya kazi, tena kwa heshima, na ndiyo sababu hazipo. Mwaka 1924 ziliitwa zirudi, na kila mwenye nayo alirudi nayo mbio kwa sababu ilikuwa na pesa halisi. Zilizobaki ni zile zilizosahaulika, zilizobatilishwa kwa tundu au muhuri, na mabaki ya mtamboni ambayo hayakuwahi kutolewa. Bei huanzia makumi ya euro na kupanda. Angalia neno Muster, maana yake ni sampuli, na angalia kama namba ya mfululizo ipo: noti isiyo na namba mara nyingi haikuwahi kutoka ofisini. Muulize muuzaji waziwazi kama ilitolewa, ilibatilishwa au ni baki, maana hizo ni bei tatu tofauti.

Zinamfaa aliyekwisha kuchoka na sifuri na anayetaka kuelewa mfumuko ulivyokomeshwa.

Noti za mpito za Afrika Mashariki, 1915–1917

Kwa ukali wa uainishaji hizi si noti za miji, na makatalogi huziweka upande wa makoloni. Nazileta kwa sababu ni noti za dharura za Kijerumani kwa kila maana, na kwa sababu zilianza kuchapwa Dar es Salaam.

Vita vilipoanza Agosti 1914 koloni lilikatwa na Ulaya. Noti za Deutsch-Ostafrikanische Bank, benki ya koloni, zilikuwa zikichapwa Ujerumani, na sasa haziji. Kuanzia Machi 1915 benki ikaanza kuchapa hapahapa noti iliyoziita Interims-Banknote: kwanza rupia 20, kisha 1, 5, 10, 50 na 200. Karatasi zilibadilika kadiri ghala lilivyobadilika, nyingine laini, nyingine nene za kufungia bidhaa. Sahihi nyingi zilitiwa kwa mkono, noti baada ya noti, na kwa vile waliotia sahihi walikuwa wengi, wakusanyaji leo huzitafuta kwa jozi za sahihi kama vile wengine wanavyotafuta tarehe.

Septemba 4, 1916 Dar es Salaam ilitwaliwa na Waingereza, na Septemba 19 Tabora ikatwaliwa na majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo. Fedha ikaendelea kutengenezwa porini. Noti za 1917, zinazoitwa noti za msituni, ziligongwa kwa mihuri ya mpira. Hakuna noti katika makala haya iliyo duni kuliko hizo kwa uchapaji, wala iliyotengenezwa mahali pagumu zaidi.

Dharura yake ni kinyume cha ile ya 1923. Huko Ujerumani fedha ilizidi, huku ilikosekana. Noti zililipa askari na vyakula vya jeshi, lakini watu wa bara walikuwa wamezoea rupia ya fedha inayolia ikigongwa, na karatasi iliyochapwa jana ilikuwa na kazi ya kuaminiwa. Karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu mwaka 1916, ikatoa sarafu za heller 5 na 20 (heller 100 ni rupia moja) za shaba nyekundu na shaba ya njano, na ile rupia 15 ya dhahabu yenye tembo na mlima, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Sarafu hiyo ya dhahabu leo ni maelfu ya dola, kwa hiyo iache kwenye picha.

Noti zimebaki kwa sababu ya upweke: aliyezitoa alipoteza nchi, dirisha la kuzirudisha likafungwa, na mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki. Rupia 1 ndiyo inayopatikana zaidi, kwa makumi ya dola ikiwa katika hali ya wastani. Rupia 200 hufika mamia na zaidi. Mitego ni mikubwa kuliko kwa makundi mengine yote, hasa noti za msituni, kwa kuwa muhuri wa mpira ni rahisi kuigiza kuliko uchapaji wa mtambo. Nunua kwa muuzaji anayetoa hakikisho la maandishi na kukubali kurudishiwa. Usianze na noti ya msituni, hata bei ikiwa tamu. Hasa bei ikiwa tamu.

Zinamfaa anayetaka noti yenye uhusiano na ardhi yake, mwenye uvumilivu wa kununua moja kwa mwaka badala ya ishirini kwa mwezi.

Vipi zile za kitambaa na udongo?

Utazikuta na zitakuvuta macho. Bielefeld, mji wa kitani, ulichapa noti za hariri, kitani na mahameli. Osterwieck na Pößneck walitoa za ngozi. Meissen walitengeneza sarafu za kaure, nyingi zikiwa za udongo mwekundu wa Böttger, mvumbuzi wa kaure ya Meissen. Ni kazi za mikono za kupendeza, na nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji. Zihesabu pamoja na noti za mfululizo, kwa bei ya juu zaidi. Moja ya hariri inatosha kuipamba albamu. Kukusanya hizo tu ni starehe ya mwenye nacho.

Uamue vipi kwa hali yako

Kama unaishi pwani, Mombasa, Tanga, Zanzibar au Dar, fikiria unyevu kabla ya kufikiria aina. Karatasi ya 1923 ni dhaifu na hushika ukungu haraka. Noti ya mfululizo huvumilia kidogo zaidi. Tumia bahasha za plastiki ya polyester, weka albamu kabatini mbali na ukuta wa nje, na usiipigie noti laminesheni hata muuza vifaa vya ofisi akikwambia itadumu. Itadumu, ila haitauzika tena.

Kama wewe ni mwalimu na bajeti ni ya kuomba kwa mwalimu mkuu, chukua noti nne au tano za 1923 za mji mmoja. Ongeza moja ya mfululizo ili wanafunzi waone tofauti ya pesa iliyotumika na pesa iliyopambwa. Utatumia chini ya bei ya kitabu kimoja cha kiada kilichoagizwa nje.

Kama uko Ujerumani au jirani zake, wewe una bahati ambayo sisi hatuna: masoko ya vitu vya zamani ya mwisho wa wiki. Maboksi ya noti za mfululizo hukaa chini ya meza, na kuchambua kwa mkono ni bora kuliko picha ya simu. Huko unaweza pia kubahatika noti ya thamani imara ambayo muuzaji ameichanganya na nyingine kwa kuwa ina namba ndogo na sura ya risiti. Zijue zile namba nne, 0.42, 1.05, 2.10 na 4.20, kabla hujaenda.

Kama unanunua kwa mtandao kutoka Afrika Mashariki, gharama ya posta inaweza kuzidi noti yenyewe. Hapo seti au fungu lina maana zaidi kuliko noti mojamoja, na hilo linapendelea noti za mfululizo na za 1923.

Kama unataka kuweka pesa ikue, hakuna kati ya mbili za kwanza itakayokusaidia. Ziko nyingi mno. Za thamani imara na za Afrika Mashariki zina uhaba wa kweli, lakini soko lake ni dogo, na siku ukitaka kuuza haraka utaona udogo huo.

Kama unajua Kijerumani kidogo, au unajifunza, anza na Reutergeld au Hameln uzoee herufi za zamani, kisha hamia 1923. Kama hujui hata neno, 1923 ni rahisi zaidi, maana namba husomeka bila lugha.

Na kama umeikuta noti ya rupia kwenye sanduku la babu, kabla hujaiuliza bei popote, usiioshe, usiinyooshe kwa pasi, wala usibandike gundi palipochanika. Piga picha pande zote mbili, pamoja na tarehe, namba na sahihi zote kwa karibu. Andika pia jina la aliyekuwa nayo na mahali alipoishi. Kisha watumie picha hizo wauzaji wawili wasiojuana, bila kuwatajia bei uliyoisikia kwa yeyote.